Bisibisi Mkononi mwa Mjomba

Wiki ile kazi zangu za jioni zilikuwa zile zile, ila moja iliongezeka. Nikishaosha vyombo na kufagia sebule, mama alivua buti zake za kipolisi, akazipanga nyuma ya mlango, kisha akaniita.

"Haya, Kibiriti, njoo uwe mgonjwa."

Kibiriti ni mimi. Mama alinibandika jina hilo kwa sababu, kwa maneno yake, mtu akinigusa tu nimeshawaka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuweza kukaa kwenye kigoda dakika tano bila kutikisa miguu. Kuigiza mtu aliyekosa utulivu hakukunipa taabu hata kidogo.

Mama ni sajenti wa polisi. Wiki hiyo yeye na wenzake ishirini walikuwa chuo cha polisi kwa mafunzo ya siku tano. Mwalimu wao alikuwa muuguzi wa afya ya akili, na somo lilikuwa namna ya kumkaribia mtu ambaye akili yake imezidiwa: anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeogopa watu wasiokuwapo. Muuguzi mwenyewe aliigiza mgonjwa, na askari wakapokezana kuzungumza naye. Siku ya kwanza mama alishindwa. Siku ya pili alishindwa tena.

"Nimeangushwa na neno moja," alilalamika huku akisugua visigino vyake. "Nilimwambia, 'Tulia!' Yule muuguzi akaniangalia, akasema, 'Afande, hebu niambie ukweli. Wewe umewahi kutulia kwa kuambiwa utulie?' Darasa zima likacheka."

"Sasa useme nini?"

"Aongee mtu mmoja tu. Ajitambulishe. Aulize jambo moja, kisha angoje jibu. Asibishane na mgonjwa kuhusu anachokisikia, wala asijifanye anakisikia na yeye."

"Mbona rahisi?"

"Rahisi mdomoni. Kungoja ndiko kunakonitoa jasho, mwanangu. Sisi tumezoea kuamrisha."

Basi mimi nilipiga kelele, nikarusha mto, nikajificha chini ya meza. Mama aliingia kutoka jikoni, akajitambulisha kwa sauti ya chini, akauliza jambo moja, akangoja. Nilimhesabia moyoni. Alipofika sekunde ya kumi na tano alianza kugongagonga sakafu kwa kidole. Ya ishirini akasema, "Tul—" akajiziba mdomo. Tulicheka hadi machozi.

Mjomba hakucheka. Alisimama mlangoni pa chumba chake, akatutazama, akaondoka, akarudi.

Alikuwa mdogo wake mama, fundi wa redio, pasi na saa. Kazi zake alizifanyia uani, kwenye mkeka, karibu na ukuta. Yeye aliniita mjomba, nami nikamwita mjomba, hata mgeni akitusikia alishindwa kujua nani ni mjomba wa nani. Alikuwa mtu wa utani na mikono myepesi. Alikuwa pia na ugonjwa wa akili. Ugonjwa huo ulikuwa na dawa, na akizimeza kila siku, ungeweza kukaa naye mwaka mzima bila kushtukia lolote.

Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua. "Mambo ya humu yabaki humu," mama alizoea kusema. Hata kazini kwake hakuwa amemwambia mtu. Jirani yetu wa chumba cha pili, fundi cherehani, alipouliza kwa nini mjomba haonekani siku fulani, nilifundishwa kujibu: "Kichwa kinamsumbua." Nilijibu hivyo mara nyingi mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe.

Siku chache kabla ya mafunzo mjomba aliacha dawa bila kumwambia mtu. Zilimtetemesha mikono, alisema baadaye, na fundi wa saa anayetetemeka mikono atashika nini? Jumatatu hakulala. Jumanne hakulala. Jumatano asubuhi mama alimkuta amekaa jikoni, amefungua birika la umeme vipande vipande.

"Ijumaa nikimaliza mafunzo nampeleka hospitali mwenyewe," mama aliniambia akifunga mkanda wake haraka haraka. "Siku mbili tu. Wewe usimbughudhi."

Alhamisi nilirudi kutoka shule saa saba na nusu. Geti la uani lilikuwa wazi. Kwenye mkeka kulikuwa na pasi, birika, redio yetu, saa ya ukutani ya fundi cherehani, hata kengele ya mlangoni, vyote vimefunguliwa matumbo. Skrubu zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, ndogo mpaka kubwa. Mjomba alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, bisibisi mkononi, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Mjomba, unawasikia?" aliniuliza.

"Akina nani?"

"Wanaongelea ndani ya mitambo. Nikifungua huu, wanahamia ule. Wanasema mama yako harudi leo."

"Atarudi, mjomba. Yuko kazini."

"Wewe hujui. Wamehamia kwenye umeme."

Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la mita ya umeme ukutani, akaanza kufungua kifuniko. Skrubu ya kwanza ilitoka. Nilitaka kuzima umeme, lakini swichi kuu ilikuwa ndani ya sanduku hilo hilo. Nilimvuta mkono. Alinitoa polepole tu, kama mtu anayeondoa tawi njiani, akaendelea. Skrubu ya pili ikatoka. Zilikuwa nne.

Nilikimbilia simu ya nyumbani, nikampigia mama. Haikupatikana. Darasani walizima simu. Nikapiga tena, nikazunguka meza, nikapiga tena. Kisha nikapiga nambari ya dharura ya polisi.

"Dharura. Nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Njooni haraka!"

"Kuna tatizo gani?"

Wakati huo huo fundi cherehani alikuwa ametokeza dirishani, utepe wa kupimia shingoni, masikio yamesimama. Maneno "mjomba wangu anaumwa akili" yalinifika kwenye meno yakarudi. Sikuwahi kuyatamka kwa mtu yeyote. Halafu niliwaza, polisi watakimbilia mgonjwa kweli? Si wataniambia nimpeleke zahanati?

"Kuna mtu ana kisu," nilisema.

"Amemjeruhi mtu?"

"Bado."

Sauti ya yule mwanamke ilibadilika. "Uko wapi?" Nikamtajia mtaa na nyumba yetu. "Toka hapo ulipo. Nenda mbali naye. Wako njiani."

Neno lile "bado" lilikuwa dogo, lakini nilipokata simu nilihisi kama nimeangusha kitu ambacho sitaweza kukiokota. Nilitoka nje ya geti. Fundi cherehani akanifuata.

"Kibiriti, mjomba wako ana nini?"

"Kichwa kinamsumbua," nilijibu. Miguu yangu haikukubali kusimama mahali pamoja.

Gari la polisi lilifika upesi kuliko nilivyodhani, king'ora kikilia njia nzima. Walishuka wawili: koplo mnene mwenye mashavu makubwa, na konstebo kijana mwenye bunduki. Konstebo alipita mbele. Alisimama getini, akaona mtu amewapa mgongo, kitu cha chuma kikimetameta mkononi.

"Weka silaha chini!"

Mjomba aligeuka. Skrubu ya nne ilikuwa bado haijatoka. Alimwangalia konstebo, halafu akaangalia nyuma yake, kulia, kushoto.

"Silaha?" aliuliza kwa hofu. "Nani ana silaha?"

"Nimesema weka chini!"

"Yuko wapi?" Mjomba alirudi nyuma, akaukwangua ukuta kwa bega, akiinua mkono wenye bisibisi ajikinge na huyo mtu mwenye silaha, asijue kwamba anayetajwa ni yeye mwenyewe. Konstebo aliinua bunduki. Wakati huo redio ya mawasiliano iliyokuwa kiunoni mwa koplo ikakoroma na kutoa sauti ya mtu, na mjomba akapiga ukelele. "Hao! Hao hapo!"

Fundi cherehani alikuwa amenishika mabega kwa nguvu. Nilimponyoka.

"Si kisu!" nilipaza sauti. "Ni bisibisi! Mimi ndiye niliyepiga simu, nilidanganya! Ni mjomba wangu!"

Koplo hakunigeukia, lakini aliweka mkono wake juu ya mtutu wa bunduki, akauinamisha taratibu kuelekea chini. "Rudi nyuma," alimwambia konstebo. "Na hizo pingu zibaki kiunoni." Kisha akaniuliza, macho yake yakiwa bado kwa mjomba, "Mjomba wako ana shida gani? Niambie yote. Upesi, lakini usipige kelele."

Fundi cherehani alikuwa pale. Majirani wawili zaidi walikuwa wamesimama kwenye kona, na muuza mkaa alikuwa ameegesha baiskeli yake aangalie. Wote walikuwa wakisikiliza.

"Anaumwa akili," nilisema. "Aliacha dawa. Hajalala tangu Jumatatu. Anasikia watu wanaongea ndani ya mitambo. Hiyo redio yako, afande, anadhani ni wao."

Koplo alisita. Nilikuwa mtoto wa polisi, nilijua kwa nini. Askari akiwa kazini haachi redio yake. Akiiacha, hakuna wa kumsikia akipatwa na jambo. Aliishika kiunoni kama anayepima uzito wake. Mwishowe akaichomoa, akampa konstebo.

"Peleka garini. Funga milango. King'ora kizimwe. Na umtafute yule muuguzi wa mafunzo, chuoni—"

"Mama yangu yuko huko," nilimwambia. "Ni sajenti wa kituo cha sokoni, dada yake mjomba."

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Mama yako?" Akapumua. "Mwambie aje," alimwagiza konstebo.

Akaingia uani peke yake, mikono ikionekana. Alitaja jina lake. "Mimi ni polisi, lakini sikuja kukukamata," alisema. "Naomba nikae." Aligeuza ndoo tupu kifudifudi, akaketi kati ya mjomba na sanduku la umeme. Ndoo ikalalamika chini ya uzito wake.

"Unafanya kazi gani hapa, fundi?"

Halafu akanyamaza.

Mjomba alitembea mpaka kwenye ukuta, akarudi. Akatembea tena. Nilisimama getini nikijiuma kucha. Nilitaka koplo aongeze neno, aongeze lolote. Hakuongeza. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola na hakulifuta. Nadhani ilipita dakika moja, lakini ilikuwa ndefu kama kipindi cha hesabu.

"Sifanyi kazi," mjomba alijibu hatimaye. "Nawatafuta."

"Akina nani?"

"Wanaoongea. Wewe huwasikii?"

"Mimi siwasikii," koplo alisema. "Lakini naona wamekuchosha sana."

Mjomba aliacha kutembea. Nilimwona akiyumba kidogo, kama mtu aliyebeba gunia mbali na sasa anatafuta pa kulitua. Alianza kuinama kuelekea mkekani.

Hapo ndipo mama alipofika. Aliruka kutoka kwenye gari la chuo kabla halijasimama vizuri, kofia mkononi, akanipita mbio bila kuniona. Alichokiona ni ndugu yake na askari.

"Tulia!" alifoka. "Weka hicho kitu chini! Tulia nimesema!"

Mjomba alisimama wima, bisibisi juu. Kila kitu kilirudi mwanzo.

Koplo hakuinuka. Alimwonyesha mama kiganja chake tu. "Sajenti," alisema kwa heshima, "samahani afande. Anaongea mtu mmoja."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliangalia buti zake, kisha akapiga magoti, akaketi chini kwenye vumbi la ua na sare yake safi, hatua kumi kutoka kwa mdogo wake. Tukangoja tena, na safari hii tulikuwa wengi wa kungoja. Hata muuza mkaa alikuwa amevua kofia.

Sijui ni muda gani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeufikia mkeka mjomba aliposema, "Dada."

"Nipo."

"Walisema hurudi."

"Nimerudi."

"Nimechoka, dada."

"Najua. Nilikuona tangu jana. Nilipaswa kukupeleka hospitali jana."

Mjomba alilitazama bisibisi lake kana kwamba ndiyo kwanza anagundua liko mkononi. Akaliweka kwenye mkeka, mwisho wa ule mstari wa skrubu, akalinyoosha liwe sambamba. Kisha akatoka na mama na koplo, akakaa kiti cha nyuma katikati yao, bila pingu. Konstebo ndiye aliyeendesha, na redio ilikaa kimya njia nzima.

Mimi niliwafuata na gari la chuo. Hospitali, wakati mama akiwa ndani na daktari, koplo alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi la ukumbini. Nilitazamia anigombeze. Alikaa tu.

"Utanifunga?" nilimuuliza.

"La. Lakini kuna jambo lazima ulijue, na sikwambii ili nikutishe." Aliikunjakunja kofia yake. "Tulipopanda garini, chumba cha simu kilituambia: mtu ana kisu, bado hajajeruhi. Konstebo wangu njia nzima aliwaza kisu. Alipofika akaona kisu. Bisibisi hakuliona kabisa. Kidole chake kilikuwa mahali ambapo kidole hakiwekwi mpaka umeamua."

Nililia. Alinipa leso, nayo ilikuwa imelowa jasho, tukacheka kidogo sote wawili.

"Wewe uliogopa?" nilimuuliza.

"Sana. Mafunzo nilimaliza mwezi uliopita, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyatumia kwa mtu wa kweli."

Mjomba alilazwa siku kumi na nane. Daktari alimbadilishia dawa, akampa isiyomtetemesha mikono sana. Alirudi amenenepa mashavu, akadai koplo amemwambukiza. Fundi cherehani alikuja kuchukua saa yake, akakaa mpaka jioni. Alipoondoka alimwambia mama mlangoni, kwa sauti ndogo, kwamba dada yake naye humeza dawa kama hizo, miaka sita sasa, na hakuna mtu mtaani anayejua.

Baada ya hapo kundi jingine la askari lilianza mafunzo, na muuguzi akaomba nifike siku ya Jumamosi niwasimulie yaliyotokea. Mama alikataa kujibu kabla ya kumuuliza mwenye habari.

"Aende," alisema mjomba. "Lakini, mjomba, uwaambie na hili: mimi sikujua kama bisibisi ni silaha. Wangesema 'weka bisibisi chini,' ningeweka."

Darasani kulikuwa na viti vya plastiki na ubao mweupe. Nilisimama mbele. Kwenye meza alikaa mwanamke mwenye sauti niliyoitambua mara moja, yule wa chumba cha simu. Muuguzi alisema tuirudie simu ile, safari hii kwa ukweli.

"Dharura. Nikusaidie nini?"

"Naomba msaada. Mjomba wangu anaumwa akili, na aliacha dawa. Hajalala siku tatu. Ana bisibisi kwa sababu ni fundi, na hajamtishia mtu. Anataka kufungua mita ya umeme, naogopa itamuua. Anaogopa redio na kelele. Dada yake ni sajenti wa polisi, yuko chuoni."

Yule mwanamke aliandika yote, akaweka kalamu chini. "Kwa maneno hayo," aliwaambia askari, "ningewaita watu wa umeme wazime mtaa, ningemtafuta muuguzi, na gari lisingepiga king'ora."

Askari mmoja aliuliza kwa nini siku ile sikusema hivyo. Kabla sijajibu, mama alikuwa ameshasimama kule nyuma.

"Jibu hilo ni langu," alisema mbele ya wenzake wote. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha. Miaka minane nimekaa nanyi kituoni na hakuna anayejua kama ndugu yangu ni mgonjwa. Niliona haya. Mtoto akawa na neno 'kisu' karibu kuliko neno 'mgonjwa', kwa sababu la kwanza hakuna aliyemkataza kulisema."

Alinyamaza. Nilidhani amemaliza, lakini alikuwa anangoja tu, na hakugongagonga kitu chochote.

"Binti yangu," aliendelea, sasa akiniangalia mimi, "anayepokea simu haoni. Anaona kwa macho yako. Na sisi tunaotumwa tunafika na kile tulichoambiwa. Ukituambia kisu, tutakuja na bunduki, hata kama tuna roho nzuri. Tuambie ukweli wote, hata ule wa aibu, hasa ule wa aibu, ili tujue tunakuja kwa mtu."